Tamko kwa wana wa Fizi na Baraka, walio nyumbani na walio ng'ambo: tuandike wazee wangali hai

Kwa wazee wetu, akina baba na akina mama, mashefu wa vijiji, viongozi wa sekta za Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, mheshimiwa meya wa Baraka, wachungaji, mapadri na mashehe, walimu wa shule zote, na kwenu ndugu zetu mlioko Nyarugusu, Kigoma, Bujumbura, Marekani na kwingineko:

Sisi wanachama wa chama cha kukusanya historia ya Fizi na Baraka, tukiwa Wabembe, Wabwari, Wabuyu, Wazoba, Wafuliru, Wanyamulenge na watoto wa ndoa zilizochanganya hayo yote, tunatoa tamko hili hadharani. Tunatamka kwamba jamii ya watu wetu iliyoota mizizi Marekani ina historia, kwamba mwanzo wa historia hiyo ni wa juzi tu, na kwamba walioushuhudia bado tunawaamkia kila asubuhi. Tunatamka vilevile kwamba mwanzo huo haukuwa siku ndege ilipotua huko. Ulianzia huku ziwani, na ulianza zamani kuliko vita tunavyovikumbuka.

Tunaanza na jambo lililotokea uani kwa mwanachama mwenzetu, kwa kuwa ndilo lililotukosesha usingizi.

Mama huyo huuza ndagala. Jioni moja alikuwa akipepeta samaki wakavu, simu ikalia. Ni mtoto wa dada yake, yuko Iowa, ana miaka kumi na miwili na Kiswahili chake kimeanza kuchechemea. Mwalimu amewapa kazi ya kuchora mti wa ukoo. Amejaza jina lake, la mama yake na la bibi yake, hapo kalamu imegoma. Mama mdogo, juu ya bibi yuko nani? Mama akaweka ungo chini, akachota konzi ya chikichi kwenye beseni, akaegemeza simu kwenye birika ili mtoto aone, akaanza kuzipanga juu ya mkeka. Hii wewe. Hii mama yako. Hii bibi yako, tulimzika Mboko. Hii mama yake, aliyekuwa akipeleka mawese hadi Uvira. Hii mama wa huyo, aliyekuwa akituhadithia jinsi watu walivyofukuzwa mlimani wakajenge kando ya barabara. Chikichi ya sita aliishika kiganjani muda mrefu bila kuiweka. Kisha akasema kwa sauti ndogo: huyu alinunuliwa.

Mtoto akauliza, alinunuliwa vipi? Kama wale walio kwenye kitabu chetu cha shule?

Mama hakumjibu. Alituletea swali hilo kikaoni, nasi tukatazamana. Mtoto yule shuleni ni Mmarekani Mweusi machoni pa kila anayemwona. Anasomeshwa habari za meli, minyororo na mashamba ya pamba, naye anajihesabu kuwa mgeni katika habari hizo, kwani wazazi wake walifika kwa ndege wakiwa wakimbizi. Sasa anaambiwa na mama yake mdogo, katika lugha ya nyumbani, kwamba na yeye ana mtu wake aliyenunuliwa. Tulitafuta mahali ambapo jambo hilo limeandikwa kwa mkono wa mtu wa Fizi tumpe asome. Hatukupata.

Maandishi ya wapita njia yapo, na ni mengi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walichukua mitumbwi Ujiji, wakafika Ubwari, wakaendelea hadi Uvira wakiuulizia mto Rusizi. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Angepanda mlima akatazama, angeiona nchi kavu ikiungana na bara. Lakini hakupanda, na ramani za dunia zikaipa ghuba yetu jina lake hata hivyo. Ni kazi kumpata mvuvi wa Baraka anayeiita Ghuba ya Burton. Mwaka 1871, tarehe 15 Julai, Livingstone aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, kule Maniema. Miezi michache baadaye yeye na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa wakathibitisha kuwa Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Wenyeji wa kaskazini mwa ziwa walikuwa wamekwisha kumwambia Burton hivyo miaka kumi na mitatu nyuma.

Katika miaka hiyohiyo misafara ya pembe na ya watu ilikuwa ikishuka kutoka Maniema, ikipita Kabambare, ikifika ziwani, ikivuka kwenda Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo na Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukufunga njia. Wengi waliokamatwa hawakuiona bahari kamwe. Waliachwa njiani, Ujiji, Tabora, mashambani na majumbani, na upande wetu huu pia. Mohamed bin Khalfan, tunayemkumbuka kwa jina la Rumaliza, aliishikilia biashara ya kaskazini ya ziwa akiwa na makao Ujiji hadi alipovunjwa nguvu na majeshi ya Wabelgiji mapema mwaka 1894. Mapadri Weupe walifungua misheni katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na Kibanga mwaka 1883, wakawa wakikomboa watoto kwa kuwanunua. Watoto hao wakabatizwa, wakalimishwa mashamba ya misheni, wakaozeshwa wao kwa wao. Shajara za mapadri zimetunzwa Roma. Majina waliyokuja nayo watoto, yale waliyopewa na mama zao, nani aliyatunza?

Tazameni pia lugha yetu. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, kwa ajili ya Wangwana. Pwani mngwana ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Huku kwetu neno hilo lilichukuliwa na wapagazi, askari wa misafara na watu waliowahi kuwa watumwa, wakajiita Wangwana wao wenyewe, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuwapinga. Ndiyo maana hadi leo katika koo za Kikristo za Fizi mna akina Ramazani, Amisi, Alimasi, Saidi na Sumaili, ambao hawajawahi kuingia msikitini na hawajui majina hayo yaliingia kwao siku gani. Na mji huu wenyewe unaitwa Baraka, neno la Kiswahili lililotoka Kiarabu, katikati ya nchi yenye lugha yake, ebembe. Kila ukoo una maelezo yake kuhusu jina hilo. Tunayaandika yote; hatutachagua moja tukalipigia muhuri.

Hapa tunaomba tuvuke bahari kidogo, kwani huko kuna watu waliolipitia jambo hili kabla yetu.

Mwaka 1860, zaidi ya miaka hamsini tangu Marekani ipige marufuku kuingiza watumwa, meli iitwayo Clotilda iliwafikisha kwa siri Mobile, katika jimbo la Alabama, watu wapatao 110 waliotolewa nchi ambayo leo ni Benin. Wenye meli wakaichoma moto kuficha ushahidi. Uhuru ulipokuja mwaka 1865, watu hao walitaka kurudi kwao, nauli hawakuwa nayo, basi wakanunua viwanja vidogo vidogo na kuanzisha kijiji chao. Kijiji hicho kinaitwa Africatown. Mmoja wao, Oluale Kossola, ambaye Wamarekani walimwita Cudjo Lewis, aliishi hadi mwaka 1935. Mwandishi Zora Neale Hurston, mwanamke Mweusi, alimwendea mwaka 1927 na tena mwaka uliofuata. Alimpelekea matunda. Siku nyingine mzee hakutaka kusema neno, wakala tu pamoja, Hurston akarudi zake. Alipotaka kumpiga picha, Kossola alivaa suti yake nzuri, kisha akavua viatu, apigwe picha miguu mitupu kama angalikuwa kwao.

Hurston aliandika maneno ya mzee jinsi alivyoyatamka. Wachapishaji wakataka yanyooshwe, yawe Kiingereza cha darasani. Akakataa. Kitabu kikakaa kabatini, kikachapwa mwaka 2018, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa tangu 1960. Mwaka mmoja baadaye mabaki ya Clotilda yakathibitishwa kupatikana katika matope ya mto. Chombo kilichochomwa ili kisionekane kilitafutwa kwa sababu kijiji kilikataa kusahau.

Tumejifunza mambo kutoka Africatown, na moja ni chungu. Kossola alisifiwa kuwa wa mwisho aliyebaki. Hakuwa. Watafiti wa miaka ya karibuni wamegundua kwamba Matilda McCrear, aliyeletwa na meli hiyohiyo akiwa mtoto mdogo, aliishi hadi mwaka 1940. Alikuwa mwanamke, na jina lake lilikaa gizani miaka themanini. Tuliposoma hayo tukaifungua orodha yetu ya kwanza ya wazee wa kuhojiwa: majina ishirini na mawili, wanaume ishirini. Tuliichana. Orodha ya sasa inaanza na wanawake, kwa kuwa ndio waliovuka ziwa wakiwa na watoto mgongoni, na ndio wanaojua nani alizaliwa kwenye mtumbwi.

Jingine ni la nani anayeuliza. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliajiri watu wakawahoji zaidi ya wazee 2,300 waliozaliwa utumwani. Hazina kubwa, lakini wengi wa waulizaji walikuwa Wazungu wa palepale, pengine wajukuu wa mabwana, na ilikuwa miaka ya njaa na ya watu Weusi kunyongwa hadharani. Mzee aliyepima hatari ya maneno yake alijibu yale yasiyomtia matatani. Fizi tunalifahamu hilo bila kufundishwa. Akija muulizaji na gari lenye bendera, tunataja idadi ya watoto tukitumaini kuna mgao wa mafuta na sabuni. Akija mwenye bunduki, hatumjui mtu. Na wapo waliokuja na kinasa sauti, wakakaa wiki tatu, wakala sombe yetu, wakaondoka na sauti za wazee ambao leo ni marehemu. Hatujapata nakala hata moja. Hatuwataji, wanajijua.

Carter Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alianzisha Chicago mwaka 1915 chama cha kuchunguza historia ya watu Weusi, wakati vyuo vikubwa havikuona kuwa watu hao wana historia ya kuchunguzwa. Hakungoja ruhusa. Nasi hatuingoji.

Kuna mkono mwingine wa bahari hiyohiyo uliowahi kutufikia. Aprili 1965 Wakuba walitua Kibamba, kwenye ufuko wa Fizi, kuwasaidia waasi wa Simba. Karibu wote walikuwa Weusi, vitukuu vya Waafrika waliouzwa. Walijipa majina ya vita ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, Che Guevara akawa Tatu. Septemba askari wa kukodiwa wakaishambulia Baraka kutoka ziwani wakaitwaa, na Novemba Wakuba wakaondoka. Che alitunza kumbukumbu zake, na zinasomwa dunia nzima. Freddy Ilanga, kijana wa miaka kumi na sita aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili, alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari wa kupasua ubongo wa watoto, akafia huko mwaka 2005. Yeye angalau filamu imemkumbuka. Akina mama wa milimani waliowapikia muhogo wanaume wale kwa miezi saba, wakalipwa kwa kuchomewa nyumba baada yao, hawana hata ukurasa. Tumewapata wawili. Mmoja anakumbuka kwamba Mkuba alimwomba chumvi kwa kuonyesha ulimi.

Sasa tuje kwenye sura iliyo karibu.

Vita vilipotuingilia mwaka 1996 watu wetu walilivuka ziwa usiku. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huohuo, katika wilaya ya Kasulu. Ya Lugufu ikafuata. Mwaka 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari yetu hapa, na wapo waliorudi, wakajenga, wakakimbia tena. Wengine walibaki kambini mpaka watoto wakawa wazazi. Kisha kuanzia mwaka 2015 ukaja mpango wa kuhamishiwa Marekani kwa makundi. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi Wakongo 16,370, kuliko taifa lolote jingine mwaka huo. Si wote wa Fizi, lakini nendeni leo kwenye ibada ya Jumapili Louisville, Des Moines, Boise au Dayton mtasikia ebembe ikiimbwa.

Kila familia iliondoka na mfuko mweupe wenye herufi za IOM, shirika la uhamiaji, ndani yake karatasi za safari na picha ya eksirei ya kifua. Mfuko ule wengi wameutupa. Tunawasihi: usitupwe. Pamoja na ile hati ya deni la tiketi ya ndege mnalolipa kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na kadi ya mgao ya kambini iliyotobolewa, hizo ndizo nyaraka za kwanza za jamii yenu. Vitukuu vyenu vitazitafuta kama watu wa Africatown walivyoitafuta meli matopeni.

Karatasi hizo pia zinasema uongo, na uongo wake lazima uandikwe kando yake. Nyumba nzima imezaliwa tarehe 1 Januari, baba, mama na watoto sita, kwa kuwa karani aliuliza tarehe, akaambiwa ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, akaandika anachoweza. Ndugu wa tumbo moja wana majina ya mwisho tofauti, maana kwetu kila mtoto hupewa jina lake, la babu, la shangazi, la aliyekufa karibuni. Ofisi za huko zikashangaa ndugu gani hawa. Wengine walibadili majina kambini ili kupata kadi ya mtu aliyesafiri au aliyefariki. Tunalijua hilo, nanyi mnalijua. Hatumwombi mtu ajitie matatani. Tunaomba jina la kweli liandikwe kwenye daftari la nyumbani, lifungwe, na lisomwe wakati mwenye jina atakaporuhusu.

Huku nyumbani nako muda unatubana. Moto umeteketeza rejista za ubatizo na vitabu vya shule katika vijiji ambavyo hatuna nafasi ya kuvihesabu. Ziwa limepanda miaka hii likameza nyumba za ufukweni, na pamoja na nyumba masanduku ya picha. Vinyago vya Wabembe, kama kile cha 'alunga chenye nyuso mbili, mbele na nyuma, vimo ndani ya vioo vya majumba ya makumbusho Ulaya na Marekani, vikiwa na maelezo ya ukubwa wake kwa sentimita, bila jina la kijiji wala la aliyevicheza. Na wazee wanakufa. Mwaka huu tumewazika watatu kati ya wale tuliokuwa tumepanga kuwatembelea baada ya mvua.

Kwa sababu hizo tumeazimia, na tunatangaza azimio letu ili tusutwe nalo.

Chama hiki hakitatoa hati ya nani alitangulia kufika. Tunasema hili mapema na kwa sauti, maana tunajua swali hilo limefanya nini milimani kwetu. Limegeuzwa panga. Atakayekuja kutuomba historia ya ukoo wake ili amfukuze jirani atarudi mikono mitupu, hata akiwa mwenyekiti wetu. Tunaandika kile kila nyumba inachosimulia: mlima, mto, mti, jina la mama, nani alimwoa nani, nani alizikwa wapi. Nyumba mbili zikipingana tutaandika maneno ya zote mbili ukurasa mmoja, kushoto na kulia.

Hatutachagua maiti. Makobola, mwishoni mwa mwaka 1998, mamia ya raia waliuawa na makaburi yapo. Bibokoboko, mwaka 1996, jirani zetu Wanyamulenge waliuawa, na mikono iliyofanya hivyo haikutoka mbali. Gatumba, Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini upande wa Burundi, wengi wao Wanyamulenge wa milima hii. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilihesabu matukio 617 ya ukatili mkubwa Kongo nzima kati ya 1993 na 2003, na yetu yamo. Ndani ya chama tulibishana usiku mzima kama hayo yote yaingie kwenye daftari moja. Wanachama wawili walitoka nje. Mmoja alirudi asubuhi akiwa na jina la kaka yake kwenye karatasi. Daftari ni moja.

Aliyenunuliwa ni mzazi wetu. Kwa miaka mingi katika vijiji vyetu, ugomvi wa shamba au wa posa ukipamba moto, mtu humrushia mwenzake neno moja: ninyi mlikuja kwa kamba. Mwingine huacha mirathi kwa aibu ya neno hilo. Tunalilaani. Aliyefungwa kamba hakutenda kosa. Kosa ni la aliyefunga, na tukitafuta vizuri tutamkuta naye kwenye koo zetu, maana misafara haikukamata watu bila wenyeji wa kuonyesha njia na wa kuuza majirani. Hilo pia litaandikwa. Tunaomba wachungaji na mashehe walitie katika mahubiri yao, na mashefu walitoze faini neno hilo kama wanavyotoza matusi mengine.

Maneno ni mali ya aliyeyasema. Tutayarekodi katika lugha yake kwanza, ebembe, kibwari, kifuliru, kinyamulenge au Kiswahili cha huku na makosa yake yote matamu, kabla ya kutafsiri. Atasikilizishwa. Akisema hapa pafutwe, patafutwa. Nakala moja inabaki kwake, ya pili hapa Baraka, ya tatu ng'ambo ya ziwa, ili moto mmoja au vita vimoja visizimalize zote.

Kwa walio na nyaraka zetu, Roma, Brussels na kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, ombi letu ni jepesi kuliko mnavyodhani. Kurudisha vitu ni mazungumzo marefu, na tutayafanya. Kwa leo tunaomba nakala zinazosomeka kwenye simu: shajara za Masanze na Kibanga, barua za maofisa wa Fizi, picha zenye nyuso. Tuna wazee wanaoweza kuwatambua watu katika picha hizo. Nyinyi hamna.

Kwa walimu wa Fizi na Baraka, kazi ya mti wa ukoo isiwe ya watoto wa Iowa peke yao. Wapeni na wa hapa, na msimpe sifuri anayerudi na kurasa tupu. Andikeni kando kwamba anahitaji kusaidiwa na jirani.

Kwa ndugu zetu wa Marekani, mnatuma pesa na tunashukuru. Tumeni na maneno. Jumapili hii mkitoka kanisani, mketisheni mama mmoja, simu iwe imewashwa, mumuulize: mtumbwi ulikuwa wa nani, mlilipa nini, mliondoka saa ngapi, nani alibaki ufukweni, ulipofika nyumba ya kwanza huko ulikula nini, nani alikuonyesha jinsi ya kuwasha jiko. Watafuteni pia Wamarekani Weusi wa mtaa wenu, wazee wao, mkae nao. Mtasikia wao pia wamekwama kwenye chikichi ya nne au ya tano, kwa sababu hiyohiyo, na mtoto wenu ataacha kujiona mgeni katika kitabu chake.

Mwisho, tuna ombi mahususi. Chikichi ya sita haijapata jina. Tunachojua ni kwamba alikuwa msichana mdogo, aliletwa kutoka upande wa Maniema kabla Wabelgiji hawajaimiliki pwani hii, alinunuliwa kwa vitambaa na chumvi na nyumba moja ya kando ya ziwa kati ya Mboko na Baraka, alizaa mabinti wawili, na alikuwa akiimba wimbo ambao maneno yake hakuna aliyeyaelewa. Binti mmoja aliolewa Ubwari. Yeyote wa koo za Mboko, Lweba, Sebele au Ubwari ambaye bibi yake alimtaja mwanamke wa namna hiyo, na aje Baraka sokoni, aulize kwa wauza ndagala. Ataonyeshwa. Mtoto ameacha nafasi wazi kwenye karatasi yake.

Imetolewa Baraka, Fizi, Kivu Kusini,
na kamati ya uongozi, kwa niaba ya wanachama wote.